Ruhusa ya Msiba Tu

Katika ukumbi wa kuchambulia kahawa anaousimamia Celina Mutembei mjini Bukoba, kwa miaka mingi ndugu wa wafanyakazi walikufa kwa kasi isiyo ya kawaida. Walikufa zaidi msimu wa kahawa, na zaidi siku za Ijumaa. Walioongoza kwa kufa walikuwa mashangazi, wakifuatiwa na wajomba wanaoishi mbali na barabara. Karibu wote walikufa kwa presha.

Celina amepita miaka hamsini. Ni mwembamba, huvaa kitenge kilichopigwa pasi hata siku ambazo atarudi nyumbani amejaa vumbi la maganda. Alizaliwa Buganguzi, wilayani Muleba, akaolewa Bukoba, na sasa ni mjane mwenye nyumba yake Kitendaguro na kibanja kidogo cha migomba nyuma ya jiko. Alianza kazi akiwa mchambuaji kama wengine: unakaa mbele ya meza ndefu, unamwaga robusta iliyokobolewa, unatoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, zilizobaki unazisukuma mbele. Alikuwa hodari, hakuchelewa, hakusema uongo. Kwa sababu hizo tatu alifanywa msimamizi.

Alirithi ukumbi pamoja na kanuni yake. Aliyemtangulia, Ta Gamaliel, aliwahi kupata msimu mbaya ambao nusu ya wachambuaji waliomba ruhusa wiki moja, na mzigo ukachelewa. Ndipo akatangaza kwamba kuanzia hapo ruhusa itakuwa ya msiba tu. Mtoto kuumwa, kikao cha shule, harusi, kupanda maharage, yote hayo yasubiri. Kifo peke yake hakisubiri. Ta Gamaliel alistaafu akarudi kwao, lakini kanuni ilibaki kama msumari ukutani baada ya picha kuondolewa. Hakuna aliyeuliza ulikuwa unashikilia nini.

Watu walizoea. Aliyetaka siku moja alichagua ndugu, akaja asubuhi na uso mzito, akapewa ruhusa. Mwenye kampuni, Pratik, kijana wa Kihindi aliyerithi biashara kwa baba yake Mahendra, alikuwa mtu wa adabu. Kila msiba aliutolea mfuko wa sukari na mkungu wa ndizi. Kwenye meza wanawake walinong'onezana ili shangazi mmoja asizikwe mara mbili. Tahadhari hiyo ilimpita Avit, mbeba magunia. Alimzika bibi yake wakati wa kupanda maharage, na msimu uliofuata akamzika tena. Celina ndiye aliyekumbuka. Alimpeleka kwa Pratik, na Avit akafukuzwa siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo ukumbi ulitulia. Celina akiingia, mazungumzo yalikatika. Aliichukulia hali ile kuwa nidhamu. Hakutambua kwamba watu waliojifunza kuficha ndugu walikuwa wamejifunza pia kuficha mengine. Gunia likifika na harufu ya unyevu, lilipita meza kwa meza bila neno, kwa kuwa wa kwanza kusema ndiye angeulizwa kwa nini hakusema mapema.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Ijumaa moja ya Julai, Joanitha alipokuja mlangoni mwa ofisi, ameshika mikono mbele. Joanitha alikuwa mchambuaji mwenye macho makali kuliko wote. Alipanga chumba mjini; binti yake alilelewa na shangazi yake huko Ijumbi, Muleba. Alisema shangazi huyo, Annastella, amefariki usiku. Presha. Mazishi ni Jumapili. Celina alimpa pole, akampa ruhusa ya siku mbili.

Kwa kawaida habari ingeishia kwenye mfuko wa sukari. Safari hii ilimfikia Gangaben, mama yake Pratik. Bibi huyo alizaliwa Bukoba, anazungumza Kihaya cha wauza ndizi wa sokoni, na kila siku hukaa kidogo kwenye kiti mbele ya ofisi ya mwanawe. Mumewe Mahendra alipofariki, wachambuaji walikwenda nyumbani kwake wakaketi naye chini kutwa nzima, Joanitha akiwa miongoni mwao. Sasa alisema haitoshi kutuma.

"Walipokuja kwangu hawakutuma sukari," alimwambia Celina. "Walikuja wenyewe. Kesho tunakwenda."

Jumamosi waliondoka na gari la kampuni. Kagaruki, dereva, alifunga mkungu nyuma. Gangaben alivaa sari nyeupe, Celina kitenge cheusi. Walipita Kemondo, mbele huko wakaiacha lami, wakaenda wakiulizia kwa Ma Annastella. Kila waliyemuuliza alionyesha njia kwa uchangamfu, jambo ambalo Celina aliliona si la kawaida, lakini hakulitilia maanani.

Walipofika hapakuwa na haja ya kuuliza tena. Turubai lilikuwa linafungwa kwenye migomba. Viti vya plastiki vya kukodi vimerundikwa. Moshi mwingi jikoni, na wanawake wamekaa kwenye majani wakimenya ndizi. Kila kitu kilikuwa mahali pake kama kwenye msiba wowote.

Kagaruki alitanguliza mkungu begani. Gangaben alifuata taratibu, ameinamisha kichwa. Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa akimenya aliinuka na kisu mkononi kuwapokea, akawauliza wametoka wapi. Celina alimshika mkono, akamjibu kwa heshima ya Kihaya.

"Tumetoka Bukoba, kazini kwa Joanitha. Poleni sana, waitu."

Mwanamke akatazama gari, mkungu, sari nyeupe. Kisu kikamwanguka.

"Joanitha amepatwa na nini?"

Celina alidhani ni uchungu unaomchanganya. Alisema neno ambalo mtu husema mahali kama pale: kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mwanamke akakaa chini katikati ya maganda, akaanza kulia kwa sauti. Wenzake wakamkimbilia, nao wakalia bila kujua wanamlilia nani. Gangaben akatoa leso akajifuta macho. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga turubai, Joackim, kaka wa mwenye nyumba, alishuka kwenye ngazi akaja mbio.

"Amefia wapi?" aliuliza. "Ni pikipiki? Asubuhi ametoka hapa mzima kwenda parokiani na mtoto."

"Nani?"

"Joanitha."

"Si Joanitha," Celina alisema. "Tumekuja kwa msiba wa shangazi yake. Ma Annastella."

Yule aliyekaa kwenye maganda akanyamaza. Akainua uso wenye machozi.

"Annastella ni mimi."

Kisha mtu akacheka nyuma ya jiko, akajaribu kujizuia, akashindwa. Mwenye nyumba alisaidiwa kuinuka, akakung'uta nguo, akamtazama Celina kwa makini kama mtu anayeangalia hati ya shamba lake mwenyewe.

"Nilikufa na nini?"

"Presha."

"Nazikwa lini?"

"Kesho."

"Kesho nina pilau la kupika," alisema Annastella. "Binti wa Joanitha anapokea komunyo ya kwanza."

Gangaben alielewa kabla ya Celina. Alivuta pembe ya sari yake, akaketi kwenye majani pamoja na wanawake, akasema kwa Kihaya kwamba basi mkungu wao umefika sherehe na si msiba, wampe kisu. Walisita, kisha wakampa. Alimenya polepole lakini vizuri, na mikono yake ikawa myeusi kwa utomvu kama ya wengine.

Joanitha alitokea kwenye njia ya migombani akiwa na bintiye. Alikuwa ametoka kwenye mafungo ya wazazi, ambayo paroko alisema mzazi asiyeyahudhuria, mtoto wake hatapokea. Aliliona gari, akasimama. Angeweza kurudi nyuma. Celina anakiri kwamba yeye angerudi. Shangazi alimwita.

"Njoo. Marehemu anakuita."

Joanitha alikuja akapiga magoti mbele ya Celina. Hakujitetea. Wote waliokuwa pale walijua maana yake, kwa sababu habari za Avit zilikuwa zimefika hadi Ijumbi: anayedanganya kifo anafukuzwa. Kwa mshahara ule Joanitha alikuwa anamlisha shangazi, anamsomesha mtoto, analipa chumba. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo.

"Ma Celina, ningekwambia ni komunyo, ungenipa?"

Celina ni mtu asiyesema uongo.

"Nisingekupa," alijibu.

Alijisikia akilitamka neno hilo. Hilo ndilo jibu ambalo angelitoa kwa miaka yote ile, na sasa lilikuwa limetoka mbele ya mtoto, turubai, na mwanamke aliyelia machozi ya kweli kwa kifo cha uongo. Wageni walilazimishwa kukaa kula. Gangaben asiyekula nyama alipewa ndizi na maharage tu. Joanitha aliwahudumia kwa maji ya kunawa, na hakumtazama msimamizi wake usoni mpaka gari lilipoondoka.

Walipofika Kemondo, Gangaben alimgeukia Celina.

"Ile mikungu yote tuliyotuma mwaka jana," alisema, "ilikwenda wapi?"

"Sijui, Mama. Mingine nadhani ililiwa harusini."

Bibi alicheka mpaka Kagaruki akapunguza mwendo. Kisha akauliza Pratik aambiwe nini. Celina aliomba aachiwe yeye, amweleze Jumatatu.

Jumapili hiyo, baada ya misa, Celina alikaa nyumbani Kitendaguro mbele ya picha iliyoko sebuleni kwake tangu zamani. Ni ya kipaimara cha mwanawe Gozbert, Buganguzi. Gozbert amesimama katikati, baba yake kulia, msimamizi wake wa kipaimara nyuma. Kushoto kuna kiti kitupu. Mama alikuwa Bukoba akichambua kahawa. Hakuwa na msiba, na hakutaka kuutunga. Kwa miaka mingi aliitazama picha ile kama ushahidi wa uaminifu wake. Siku hiyo aliona kwamba kila aliyemnyima ruhusa, alikuwa anataka naye awe na kiti kitupu nyumbani kwake.

Jumatatu alimweleza Pratik kila kitu, na hakuanza na Joanitha bali na kanuni. Pratik alikasirika, na alikuwa na sababu. Alikuwa ametuma rambirambi kwa watu waliokuwa wakicheza ngoma. Alisema haki ni moja: Avit alifukuzwa kwa kosa hilo hilo.

"Kwa Avit tulikosea," Celina alisema, "na mimi ndiye niliyemleta kwako."

"Nikiwaachia, wakati wa kukamata senene ukumbi utabaki mtupu."

"Bosi, kila wakati wa senene ukumbi huwa mtupu. Ila kwa sasa tunaletewa na misiba ya uongo juu yake."

Pratik aliuliza je, mtu akisema anataka siku ya kulala tu? Celina alijibu alale, mradi aseme mapema, na mwenzake wa meza akubali kumshikia kazi, kisha naye alipe siku hiyo kwa kumshikia mwenzake. Sababu isiulizwe. Pratik alizungusha kalamu. Alimtazama mama yake aliyekaa nje kwenye kiti, mikono bado ina madoa ya utomvu. Akakubali hadi mwisho wa msimu. Mzigo ukichelewa, Joanitha ataondoka, na Celina atarudi kwenye meza ya kuchambua.

Celina aliwatangazia wachambuaji utaratibu mpya, na masharti yake yote, likiwamo lile la yeye mwenyewe kurudi mezani. Walimsikiliza kwa heshima, wasiamini hata neno moja. Waliona ni mtego. Joanitha alirudi mezani, akafanya kazi ameinamisha kichwa, na wengine walimkwepa kidogo, kama mtu ambaye hukumu yake bado iko njiani. Wiki ikapita pasipo mtu kuomba siku. Hata mashangazi hawakufa.

Aliyeuvunja ukimya alikuwa Ma Kokuhirwa, mkubwa kuliko wote ukumbini, mwanamke mwenye ulimi ambao hata Ta Gamaliel aliuogopa. Alisimama mbele ya meza zote akamwambia Celina kwamba Alhamisi hatakuja.

"Naenda kusuka nywele."

Ukumbi mzima ulijua kwamba Ma Kokuhirwa hunyoa. Punje ziliacha kusogea.

"Nani anashika meza yako?" Celina aliuliza.

"Joanitha."

"Joanitha, umekubali?"

"Nimekubali, Ma Celina."

"Basi nenda. Usuke vizuri."

Ijumaa Ma Kokuhirwa alirudi na kichwa kile kile, akaeleza bila kuulizwa kwamba msusi alikosa pa kushika. Watu walicheka mbele ya msimamizi, na msimamizi akacheka nao. Siku hiyo hiyo alasiri wawili waliomba siku: mmoja ana kikao cha shule, mwingine hakusema, na Celina hakumuuliza, ingawa midomo ilimwasha.

Haukuwa muujiza. Wapo waliopenda mno Jumatatu, na Celina aliwaambia hivyo. Majirani wawili wa meza waligombania sikukuu ya Kupalizwa mpaka ikabidi wapige kura ya punje, nyeusi na nyeupe. Ta Gamaliel, aliyepita kusalimia, alitabiri kwamba wataishia kuomba ruhusa ya kuja kazini. Lakini Agosti ilipokuwa inaelekea mwisho, katikati ya mzigo mkubwa kuliko yote, Joanitha aliinua mkono akasema gunia lililofunguliwa mbele yake linanuka unyevu, na la jirani pia. Zamani yangepita. Sasa Celina alikuja, akainusa kahawa, akaita wabebaji, shehena yote ikatolewa juani. Hakuna aliyemuuliza Joanitha kwa nini hakusema mapema. Walipoteza siku ya kuanika, wakaifidia kwa kushikiana meza, wengine wakarudisha siku zao wenyewe. Mzigo uliondoka kwa wakati, mkavu.

Pratik hakutoa hotuba. Aliacha tu kutaja neno majaribio. Joanitha alianza tena kuinua kichwa, na mezani kwake sasa ndiko kunakotoka vicheko vingi.

Kulikuwa na deni moja. Jioni moja Celina alitembea hadi kwa Avit, ambaye naye anakaa Kitendaguro, akamwambia kwamba alimfanyia vibaya, na kwamba kazi yake ipo akiitaka. Avit alimkaribisha, akampa kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni, akakataa kazi. Ana bodaboda sasa, anajipangia siku mwenyewe. Bibi yake, yule aliyezikwa mara mbili, alikuwa barazani akianika maharage, akamsalimia Celina bila kinyongo. Tangu hapo, mvua ikiwa kubwa, Avit humpitisha Celina hadi kazini na hukataa nauli.

Siku hizi ndugu wa wachambuaji wanaishi muda mrefu. Mwaka huu wametangaza kifo kimoja, mjomba wa mchambuaji mmoja huko Buganguzi, na hakuna aliyekitilia shaka. Ukumbi ulikwenda msibani kwa zamu, na Gangaben alikwenda na kundi la kwanza.

Mwezi uliopita Celina mwenyewe aliomba siku. Gozbert, anayefanya kazi Mwanza, alikuwa anabatizisha mtoto wake wa kwanza. Aliomba mbele ya meza zote, kama kila mtu, akisema Joanitha atamshikia usimamizi. Ma Kokuhirwa aliinua uso kutoka kwenye kahawa yake.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi tusikupe pole?"

"Nipeni hongera. Nimepata mjukuu."

Walimpa, na Gangaben akampa mfuko wa sukari. Alipanda basi la alfajiri. Mwanza, baada ya ubatizo, mpiga picha aliwapanga watu mbele ya kanisa: baba na mama katikati, wasimamizi nyuma, na kiti kimoja kushoto kwa ajili ya bibi. Celina alikaa, akapakatishwa mtoto, akaambiwa atazame mbele.

Picha hiyo ipo sebuleni Kitendaguro, kando ya ile ya zamani. Ya zamani hakuiondoa.